Themostati Niliyoificha

Nkuhungu, Dodoma
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Zaituni,

Nakuandikia ukiwa nyumba nne tu kutoka hapa. Umekwenda kuwaaga shangazi zako, na kwa ninavyowajua, hutarudi kabla hawajakulisha mara mbili na kukusema mara tatu. Kwa hiyo nina nafasi. Mlango nimeutia komeo na dirisha la upande wa jirani nimelirudishia, maana jirani yetu huyu akiona mtu ameshika kalamu miguu yake huwa mizito ghafla.

Habari za chandarua, za maji ya kunywa na za kutofua khanga mpya pamoja na nguo nyeupe, mama yako amekwisha kukupa, na kesho atakupa tena mpaka treni iondoke. Sina la kuongeza hapo. Nina jambo langu moja ambalo nimelikalia miaka mitano. Linamhusu mjomba wako Sefu, ambaye kesho kutwa utalala chini ya dari yake huko Tabora. Ukishalisoma huenda usiniite tena baba kwa sauti ileile. Hata hivyo naandika.

Nianze na dogo. Juzi, ulipokwenda sokoni, nilifungua sanduku lako. Nilikuta khanga mbili, sketi ya chuo, daftari na sabuni. Nikaona haya. Haya zangu hazikudumu, kwa sababu papo hapo nikaanza kujiuliza, kwa nini hakuna kitu cha kutia shaka? Msichana wa miaka ishirini anakwenda kusoma uhazili mji wa mbali, na sandukuni hana hata barua moja? Nikarudi nikapapasa mifuko ya sketi. Ndivyo baba yako alivyo, mama. Mama yako husema mimi hata kivuli changu nikikiona kimetangulia nakiuliza kinakwenda wapi.

Sasa lile kubwa. Unaijua hadithi ya lori letu kama nilivyokusimulia mimi: kwamba mjomba wako alikuwa akiuza dizeli njiani, akipakia mizigo ya watu bila kuniambia, na kwamba kwa tamaa hiyo aliliendesha gari mpaka injini ikafa. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, ukalia, ukaniuliza, "Mjomba Sefu kweli?" Nikakujibu kweli. Hadithi ile si kweli, na ya kweli sijamsimulia mtu mpaka leo asubuhi.

Lori lilikuwa la Kiingereza, kuukuu, nimelinunua wakati mashirika yalipokuwa yakiuza magari yao na kila mwenye akiba kidogo akawa mfanyabiashara. Mimi nilikuwa mwenye mali, mjomba wako dereva. Tulichukua zabibu Makutupora, karanga upande wa Farkwa, tukipata mzigo wa kurudi tunashukuru. Ndiyo miaka hiyo maduka ya spea yalipoota mjini kama uyoga. Unakwenda kununua fani belti, unapewa boksi linalong'aa, ukifungua ndani kuna kitu kilichokwisha kutumika, kimepakwa rangi. Nilikwisha kuuziwa bearingi ya namna hiyo, na tangu hapo sikuamini duka wala fundi. Betri niliikwaruza alama kwa msumari. Kifuniko cha tanki la mafuta nilikifunga uzi mweusi ambao nilidhani mimi peke yangu nauona. Mjomba wako alikuwa akiufungua anapojaza mafuta, kisha anaufunga tena vizuri kuliko mimi. Hakuwahi kuniuliza ni wa nini.

Siku moja lori lilichemsha. Ilikuwa mara ya kwanza, na sababu ilikuwa ndogo, rejeta ilijaa tope. Tuliisafisha. Lakini fundi mmoja aliyekuwa amekaa pale gereji akasema, "Bado mna themostati humo? Itoeni bwana! Hiyo Wazungu wameiweka kwa ajili ya barafu ya kwao. Dodoma hii, jua lote hili, ya nini? Toa, maji yapite bila kizuizi."

Wewe huna haja ya kuwa fundi ili uelewe. Injini hupozwa kwa maji. Maji yakipata moto hutoka kwenda kwenye rejeta, hupulizwa na feni, hurudi yamepoa. Themostati ni kimlango kidogo cha shaba katikati ya njia hiyo. Injini ikiwa baridi kinajifunga ili ipate joto upesi, ikishapata joto kinajifungua. Basi. Na mji mzima, kila fundi uliyemuuliza miaka ile alikuambia ukitupe. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliambiwa jambo na watu watano nikaliamini bila kulichunguza. Unaona ajabu yangu? Watu waaminifu niliwachunguza, na upuuzi nikaupokea kwa mikono miwili.

Nilichofanya ni hiki. Ijumaa, mjomba wako alipokuja kunipitia twende msikitini, nilimwambia tumbo linaniuma. Alipoondoka nikafungua boneti, nikaitoa themostati kwa mikono yangu, nikarudishia kila kitu. Ile ilikuwa orijino, iliyokuja na gari, na madukani huwezi kuipata. Nikaifunga kitambaa nikaificha darini, juu ya chumba chetu. Mjomba wako sikumwambia. Nilijiambia kwamba asiyejua kitu kilipo hawezi kukiuza.

Baada ya hapo lori likabadilika. Asubuhi lilichelewa kupata moto, likawa linatoa moshi na kunywa dizeli kupita kawaida. Na kwenye miinuko, likiwa na mzigo, likawa linachemsha. Gari lilelile, asubuhi baridi, mlimani moto. Mtu mwenye akili angejiuliza nini kimebadilika ndani ya injini. Mimi nilijiuliza nini kimebadilika ndani ya Sefu. Dizeli inakwisha upesi, basi anainyonya na kuiuza. Gari linachemsha, basi analibebesha mizigo ya siri.

Na aliniuliza, Zaituni. Hapo ndipo penyewe. Alikuja asubuhi moja akisugua viganja kwa baridi ya Julai, akasema, "Shemeji, hili gari haliko sawa. Haliwahi moto kabisa. Themostati ipo kweli?"

Nikamwambia, "Ipo."

"Una hakika?"

"Sefu, gari ni langu. Nimekwambia ipo."

Akasema, "Haya, shemeji," akaenda kuangalia mambo mengine. Alikagua feni, alibadilisha mipira ya maji, aliizibua rejeta mara mbili. Kote alikagua isipokuwa pale nilipomwambia mimi kwamba pako sawa. Hakunitilia shaka hata siku moja, na naapa kwamba mpaka leo hilo linaniumiza kuliko lori.

Nikaamua kusafiri naye nimkamate. Tulikwenda Farkwa kuchukua karanga, na kwenye mwinuko mmoja lori likachemsha, mvuke ukatoka hadi hatuoni kioo. Mjomba wako akasimama, akazima, akaenda kwenye nyumba zilizokuwa karibu. Ilikuwa kiangazi kikali, visima vyote vimekauka, wanawake wa pale walikuwa wakifuata maji mwendo wa asubuhi nzima. Wakatoka watu, wakaanza kusemezana naye kwa lugha yao ile ya kugonga ulimi, na yeye anawajibu. Nilikuwa sijui kwamba amejifunza. Walikuwa wakibishana, wananyoosha vidole kwenye lori, wananitazama, wanabishana tena. Nikasema, hawa ndio wateja wake wa dizeli, leo nimewafuma.

"Wanasema nini?" nikamuuliza.

"Wanagawana maji, shemeji. Wanatazama nani ana ya kutoa."

Sikuamini. Akaja bibi mmoja na dumu kichwani, akalitua mbele yangu. Nikamwamkia shikamoo kwa midomo tu. Akasema, "Marahaba. Maji hii ni ya kesho. Chukua tu, gari yako iende." Dumu zima likaingia kwenye rejeta. Nilipotaka kumpa chochote alikataa, na kukataa kwake ndiko kukanikamilishia ushahidi, kwa sababu nani anatoa maji bure wakati wa kiangazi? Tulipoondoka nikamwambia mjomba wako, "Wanakujua sana hapa." Akajibu, "Wananijua, shemeji. Hapa ndipo linapochemshia kila safari."

Bibi yule na watu wa nyumba yake walilala na kiu kwa ajili ya kipande cha shaba kilichokuwa kimefungwa kitambaa darini kwangu. Ni juzi juzi tu nimeweza kulisema hili hata moyoni.

Safari ya mwisho ilikuwa ya zabibu, kwenda Morogoro. Zabibu hazingoji, unajua, na mimi nilikuwa na hila yangu. Nilimwambia, "Safari hii hakuna kusimama popote. Ukisimama nitajua." Nilitaka kumzuia asikutane na wateja wake, wale niliowatunga mwenyewe. Akaniambia, "Na likichemsha?" Nikamwambia, "Dereva ni wewe." Likachemsha kwenye mwinuko wa kwenda Gairo. Aliuona mshale wa joto umepanda, akafikiria zabibu, akafikiria maneno yangu, akaendelea kwa gia ndogo akitumaini atafika juu. Hakufika. Injini ilinoki, silinda hedi ikapasuka, matenga yote yakaozea barabarani.

Alirudi siku ya tatu, kwa kupanda magari ya watu, vumbi limemjaa hata kwenye kope. Pale nje palikuwa na watu, nadhani unakumbuka. Hakusema neno juu ya amri yangu. Alisema, "Shemeji, nimeliua gari. Niliona mshale nikadhani nitafika. Nisamehe."

Nilikuwa na nafasi, mwanangu. Pale pale. Sentensi moja ingetosha. Badala yake nilisema mbele ya wote, "Kikulacho ki nguoni mwako," nikaanza kutaja dizeli, na mizigo, na marafiki zake wa Farkwa. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na ambao hata hawakumjua wakapata la kusimulia. Hakujitetea. Wiki iliyofuata akapanda treni. Mama yako alimsindikiza peke yake mpaka kituoni, akarudi akaniandalia chakula, na kwa muda mrefu hakukaa kula nami.

Utaniuliza nilijua lini. Mwaka jana. Nilikwenda Makutupora kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza mitambo ya mashamba, nimeitia ile themostati mfukoni. Nilikwenda kuiuza, nisikufiche hata hilo. Akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji iliyokuwa jikoni. Maji yalipokaribia kuchemka, kile kimlango kikafunguka taratibu mbele ya macho yangu.

"Nzima kabisa hii," akasema. "Injini yake iko wapi?"

"Ilinoki."

"Ikiwa na hii?"

"Hapana. Tulikuwa tumeitoa."

Akanitazama, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba injini za namna ile zina njia fupi ya pembeni, ambamo maji huzunguka ndani kwa ndani wakati gari lina baridi. Themostati ikifunguka, mkia wake huiziba ile njia fupi ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa. Tambarare huwezi kugundua kitu. Mlimani, na mzigo, gari linachemsha. Na asubuhi, kwa kuwa hakuna cha kuyazuia maji mengine yasikimbilie kwenye rejeta, halipati joto, ndipo linakula mafuta. Alisema yote hayo huku anakoroga chai yake, kama anayezungumzia hali ya hewa. Hakujua kwamba anamsomea mtu hukumu.

Unadhani niliamini? Nilisema mzee huyu anawaponda wenzake tu ili apate wateja. Nikaenda kwa fundi mwingine, na mwingine. Nikarudi nyumbani nikaichemsha mwenyewe kwenye sufuria ya mama yako, nimeining'iniza kwa waya. Mama yako akaingia, akauliza, "Unapika nini?" Nikasema, "Chuma." Akaondoka. Nikabaki naitazama inafunguka, naitoa, inajifunga, naitia tena. Niliifanya hivyo mara nyingi, mwanangu, nikitafuta mara moja tu itakayokataa.

Hata baada ya hapo nilinyamaza. Nilijipa sababu: yamepita, Sefu ana maisha yake, lori lilishauzwa chuma chakavu. Kisha wewe ukapata nafasi ya masomo Tabora, na mama yako akamwandikia kaka yake kumwomba akupokee. Jibu likaja ndani ya wiki mbili. Amekubali. Nami, badala ya kushukuru, nikaanza. Kwa nini amekubali upesi hivi? Mtu niliyemvunjia heshima, anamtakia nini binti yangu? Au amegundua, anataka kukusimulia wewe kwanza? Usiku nilikuwa nahesabu mbinu zake moja moja. Nilitaka hata kumwomba mtu mmoja wa kule apite pite nyumbani kwake atuletee habari. Barua ya kumwomba hivyo nilikwisha kuianza.

Asubuhi ya leo mama yako alinipa ile barua ya mjomba wako niisome mwenyewe. Alikuwa amenisomea juu juu tu. Mwishoni kabisa, baada ya salamu, ameandika: "Mwambie shemeji nitamlea mwanawe kama wangu. Labda kwa hilo atanisamehe lori lake. Tangu siku ile sijagusa usukani, nikiufikiria tu nauona mshale ule. Natengeneza baiskeli, Mungu anasaidia."

Niliisoma nimesimama, nikakaa. Miaka mitano, Zaituni. Dereva kama yule, aliyeweza kusikia nati moja imelegea kwenye gurudumu akiwa anaimba, anatengeneza baiskeli kwa sababu anaamini ameua injini ambayo niliiua mimi siku ya Ijumaa nikiwa nimedanganya tumbo linaniuma. Na amekupokea wewe kama fidia. Nililia, nakwambia wazi, na sikutazama kama jirani anapita.

Nikamwendea mama yako uani. Alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza yote, mpaka neno "ipo" nililomjibu kaka yake. Hakupiga kelele. Alisukuma ungo pembeni. Kisha akasema, "Mimi usiniombe radhi. Mimi si dereva." Nikamwambia nitaandika. Akasema, "Andika. Wewe kuandika hakukushindi, kusema ndiko kunakokushinda." Akavuta ungo wake.

Sitakwambia uamini kila mtu. Watu wanaiba, na maduka ya spea bado yanapaka rangi vitu vikuukuu. Ila mimi nimegundua kitu kuhusu shaka yangu: ilizidi kila mara nilipokuwa nimeficha jambo mwenyewe. Yule niliyemdanganya ndiye niliyemchunguza kuliko wote. Kama siku moja huko utamshuku mwenzio, na utamshuku, maana damu yangu unayo, anza kwa kujikagua wewe ulichomficha. Kama hakipo, endelea kushuku kwa amani. Sina hekima zaidi ya hiyo, na hiyo nayo imenigharimu ndugu wa mke wangu.

Ile barua ya kuomba mjomba wako achunguzwe nimeichana.

Nilipomwambia mama yako nitaandika, nilikusudia uibebe barua hii, ukifika umsomee mjomba wako. Kisha nikaona nitakuwa nafanya yaleyale: kosa langu, anaendesha mwingine. Kwa hiyo kabla ya adhuhuri nilikwenda stesheni. Kwenye bahasha hii utakuta tiketi mbili za kesho, yako na yangu. Nataka kushuka nawe Tabora, nimwambie Sefu kwa mdomo wangu, mbele ya majirani zake, kwa sababu nilimtukana mbele ya majirani zetu. Lakini safari ni yako. Ni mwanzo wako, na huenda hutaki kuufungua na aibu ya baba yako mlangoni. Ukiona hivyo, barua hii iende kwa mjomba wako aisome mwenyewe, mimi nitakuja siku nyingine.

Asubuhi ukinirudishia tiketi yangu, nitapanda. Usiponirudishia, nitabeba sanduku lako mpaka kwenye behewa, nitakuombea dua, nitashuka. Na sitakuuliza kwa nini.

Baba yako